Maisha ya Muyaka bin Haji wa Mvita, na Khabari za Vina vya Mashairi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kusema na kubainisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Kojani ni kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba, upande wa kaskazini, na watu wake tangu zamani ni watu wa bahari. Huondoka kwao wakaenda dago, wakapiga kambi katika fukwe za mbali, Tanga na Mombasa na kwingineko, mwezi na miezi, kisha hurudi kwa watoto wao. Aliyewahi kusimama pwani wakati wavu unavutwa hahitaji kuelezwa kina ni nini. Mmoja hutoa neno, wengine hulipokea, na mwisho wa neno hili hulingana na mwisho wa neno lile, hatta mikono ikavuta pamoja na miguu ikarudi nyuma pamoja. Hakuna mwalimu aliyewakalisha jamvini akawafundisha jambo hilo. Sikio ndilo lililowafundisha.

Basi mlingano huo wa mwisho wa maneno ndio washairi wanaouita kina, na vikiwa vingi ni vina. Na mtu aliyeufanyia kazi katika pwani hii hatta jina lake likawa kipimo cha wengine wote ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mvita. Mtu wa Pemba asimhesabu kuwa mgeni. Siku za ujana wake Mvita na Pemba vilikuwa chini ya utawala mmoja, na mchele uliopikwa katika majumba ya Mvita ulivushwa kutoka Pemba. Na Pemba ilipotoka mikononi mwa watawala wa Mvita, Muyaka alikuwa mtu mzima, akayaona kwa macho yake yaliyofuata.

Alizaliwa Mvita yapata mwaka wa 1776. Mji huo ulikuwa umekwisha pitiwa na mengi. Wareno waliijenga Ngome mwaka wa 1593, na Waarabu wa Omani wakawatoa mwaka wa 1698. Baadae maliwali wa kabila la Mazrui, waliowekwa kwa niaba ya Omani, wakajitenga tangu miaka ya 1740, wakatawala kwa amri yao wenyewe. Muyaka alikulia chini ya watawala hao, akawa upande wao, na ulimi wake ukawa silaha yao hatta dola yao ilipoanguka. Mji ulikuwa na waungwana wake na mitaa yake, na misikiti, na bandari yenye majahazi ya Bara Hindi na Arabuni na Lamu na Pemba, na soko ambamo watu wa bara walileta pembe na nafaka. Katika mji kama huo maneno hayapungui. Muyaka aliyakuta mengi, tena ya kila aina, kwa kuwa kila chombo kilichotia nanga kilileta na lugha yake.

Kabla yake tungo za Kiswahili zilizoandikwa na kuhifadhiwa zilikuwa hasa tenzi za dini na za vita vya kale. Mwaka wa 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Pate utenzi wa Herekali, wenye beti zaidi ya 1,100. Walikuwako pia watungaji wa mashairi na nyimbo za ngoma, lakini wanachuoni hawakujishughulisha nazo sana. Muyaka akalishika shairi, hili la mishororo minne, akalifanya chombo cha kusemea kila jambo lililompata mtu katika siku yake. Ndani ya tungo zake mna mapenzi, mna nyumba na ugomvi wa nyumbani, mna vyombo vya bahari na misukosuko yake, mna ufukara na njaa, mna siasa za mji, mna mafumbo, na mna kumkumbuka Mola. Ndiyo maana waliomsoma baadae walisema kwamba aliutoa ushairi msikitini akautia sokoni. Maneno hayo ni ya kweli kwa kadiri, ila yasifahamike kuwa alikwenda kinyume cha msikiti. Alikuwa Mwislamu aliyesoma, na sokoni alikwenda na elimu yake.

Sasa yafaa sheria ya shairi ielezwe, kwani asiyeijua hawezi kuona kazi ilikuwa wapi. Kila mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane kabla ya pumziko na nane baada yake. Nusu za kwanza huwa na kina chao, na nusu za pili huwa na kina chao kingine, na mshororo wa nne huufunga ubeti, nao mara nyingi huachiliwa mwisho wake uende mbali na wenzake. Kwa hiyo katika ubeti mmoja mtungaji hutafuta maneno matatu ya kina cha kati na matatu ya kina cha mwisho, kwa uchache, na yote yaingie katika hesabu ya mizani bila ya kupungua wala kuzidi, na juu ya hayo yote pawe na maana. Mwenye utenzi ana nafuu kidogo. Vipande vitatu vya ubeti wake huwa na kina kimoja, na cha nne ndicho kinachobeba bahari, kina kile kile tangu ubeti wa kwanza hatta wa mwisho. Lakini mizani ni nane tu, na ubeti huondoka upesi.

Watu wengi hudhani kwamba kina katika Kiswahili ni jambo jepesi, kwa sababu kila neno letu huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Hili ni kosa. Kina si irabu peke yake, ni silabi nzima: wavu halina kina kimoja na mtu, wala pendo halina kina kimoja na moto. Ni kweli kwamba ziko silabi zisizokwisha maneno. Mwenye kutaka -ni hana shida, kwani jina lolote la mahali hulipokea: nyumbani, baharini, moyoni, shambani. Mwenye kutaka -wa ataishika kauli ya kutendwa, apate pendwa na pigwa na semwa bila ya kikomo. Vivyo hivyo -na ya kutendana, na -sha ya kufanyizia, na -ngu na -ke na -ko za umiliki. Milango hii iko wazi, na kila mtungaji mvivu hupita humo. Shairi zima la -ni na -wa halina kosa mbele ya sheria. Msikizaji hulisikia lakini halishiki, kwa kuwa mwisho wa kila mshororo ameukwisha kuujua kabla haujafika.

Kazi huanza pale silabi inapokuwa na maneno yake ya kuhesabika. Mfano ni -vu. Mvuvi wa Kojani anayo mengi ya kina hiki katika siku yake moja tu: wavu mkononi, povu majini, mbavu za chombo na mbavu zake mwenyewe, kovu la kidole, uchovu wa jioni, na mchanga mkavu wa kulalia. Akiyafikiri maneno hayo kwa pamoja ataona kuwa yamekwisha kuwa khabari, hatta kabla hayajatungwa. Kadhalika -ndo: mwendo, mkondo, kishindo, tendo, pendo, na gando la kaa. Hapa ndipo siri ya kina ilipo. Mtu anayekusanya maneno ya kina kimoja hukuta mengine hayana njia ya kuingia katika jambo lake, akayaacha. Na mengine humletea fikira ambayo hakuwa nayo alipoketi.

Yako na maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo yalikuwa hazina kubwa ya washairi wa pwani. Neno la Kiarabu likiishia kwa herufi isiyo na irabu, Waswahili huliongeza irabu: bahr ikawa bahari, ilm ikawa elimu, kitab ikawa kitabu. Kwa njia hii silabi nyingi zilizokuwa chache zikajazwa. Mwenye kutaka -ri anayo khabari na safari, hatari na shari, siri na kiburi, umri na dahari. Mwenye kutaka -dhi karibu hana ila ya Kiarabu: radhi, kadhi, ardhi, maradhi, hifadhi, gharadhi. Na mtu aliyekichagua kina hicho amekwisha jichagulia na maneno yatakayotamalaki shairi lake, ayatake asiyatake: hukumu, ugonjwa, ridhaa na mfano wa hayo. Kwa hiyo mjuzi hachagui kina kwa wepesi wake. Hutazama kwanza anataka kusema nini, kisha hutafuta silabi ambayo maneno ya jambo lile yamelala ndani yake.

Waarabu waliliona jambo hili mapema wakalitengenezea vitabu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyekuwa wa asili ya Azd wa Omani na akaishi Basra katika karne ya 2 ya Hijra, ndiye aliyeipanga elimu ya arudhi, yaani mizani ya mashairi, na ndiye aliyeanza kitabu cha kukusanya maneno ya lugha. Baadae akaja al-Jawhari, aliyekufa yapata mwaka wa 1003, akaitunga Sihah na kuyapanga maneno kwa herufi ya mwisho ya asili yake wala si kwa ya kwanza. Ibn Manzur, aliyekufa mwaka wa 1311, alimfuata katika mpango huo, na kadhalika al-Firuzabadi, mwenye al-Qamus, ambayo kwayo Waswahili walipata neno kamusi. Mpango huo ulimnufaisha sana mshairi, kwani akifungua mlango mmoja hukuta maneno ya mwisho mmoja yamekaa pamoja. Kwa Kiswahili vitabu vilikuja baada ya Muyaka, navyo vikapangwa kwa herufi ya mwanzo: kamusi ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, na ya Johnson mwaka wa 1939. Mtu akitaka -ndo ndani yake itambidi asome kitabu kizima. Sheria zenyewe za kutunga ziliandikwa kitabuni na Kaluta Amri Abedi mwaka wa 1954, zaidi ya miaka mia moja baada ya Muyaka kuzikwa.

Muyaka basi hakuwa na kitabu cha kumpa vina. Alichokuwa nacho ni masikio na mji. Mtu akizisoma tungo zake leo atakuta maneno ya nahodha na ya fundi, ya mke wa nyumbani na ya mchuuzi, methali za wazee, na maneno ya kale ya Pate na Lamu ambayo hatta siku zile hayakuwa ya kila kinywa. Na msingi wa yote ulikuwa Kimvita, lugha ya mama yake, wala hakuona haya kuitumia mbele ya watu wa Lamu waliojiona kuwa ndio wenye ushairi. Kimvita kilimpa vina ambavyo mtu wa Unguja hanavyo. Huyu husema macho, na Mvita husema mato. Basi kwa Mvita jicho la mpenzi laweza kukaa na moto na mtoto katika ubeti mmoja. Huyu husema nchi, na Mvita husema nti, na nti hukaa vyema na kiti na mti na wakati.

Kipaji hiki kilitakiwa kazi nzito zaidi kuliko kusifu. Yapata mwaka wa 1812 watu wa Mvita, wakishirikiana na Pate, waliishambulia Lamu, wakashindwa vibaya katika vita vya Shela. Tangu hapo Lamu ikajitia chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na Mvita ikabaki na adui wawili, mmoja karibu na mmoja mwenye majahazi mengi. Katika miaka ile mashairi yalikuwa yakivuka bahari kama barua. Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na mtungaji. Mvita alikuwako Muyaka. Shairi la kumkejeli adui likifika lilisomwa mbele ya watu, na aibu ilikuwa kunyamaza. Na jibu halikuwa huru: mara nyingi mjibu alitakiwa afuate mizani na vina vya aliyemwanza. Tazama uzito wa sharti hilo. Adui huchagua silabi, naye kwa hakika amekwisha kuyatumia maneno yake mazuri. Wewe hubakiwa na makombo, na kwa makombo hayo yakupasa kumshinda. Mtu aliyekuwa hana maneno ila ya -ni na -wa hangeweza kusimama katika uwanja huo hatta siku moja.

Kisha likaja jambo la Pemba. Liwali Abdallah bin Ahmed al-Mazrui, aliyetawala tangu mwaka wa 1814, alikataa kumtii Sayyid Said, na yaliyofuata ni kwamba katika miaka ya 1822 na 1823 majeshi ya Sayyid Said yaliwatoa Mazrui Pemba. Mvita ikajaribu kuirudisha isiweze. Mji uliozoea kula mchele wa Pemba ukakatiwa chakula chake, na mnamo mwaka wa 1824 Mazrui wakaomba bendera ya Kiingereza kwa nahodha Owen, na katika masharti yao wakataka warudishiwe milki zao, Pemba ikiwamo. Bendera ilikaa mpaka mwaka wa 1826 ikaondolewa, wala Pemba haikurudi. Sayyid Said akaja mwenyewe na merikebu zake mara kwa mara, akipata na kukosa, hatta mwaka wa 1837, Mazrui walipokuwa wamegawanyika wao kwa wao, akaitwaa Mvita. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, na huko wakaangamia. Muyaka aliyeziona siku za enzi yao, akawatungia na kuwahimiza, akabaki katika mji ule ule chini ya bendera nyingine.

Wako waliouliza, na hatta leo huulizwa, yafaaje mtu mwenye elimu kutumia umri wake katika kutafuta maneno yanayolingana mwisho. Swali hili si la kudharauliwa. Katika sura ya 26 ya Qurani washairi wametajwa kuwa hufuatwa na waliopotoka, na kuwa hutangatanga katika kila bonde, na kuwa husema wasiyoyatenda. Kisha wametolewa humo walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mungu sana, na waliojitetea baada ya kudhulumiwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na Hassan bin Thabit aliyemtetea kwa mashairi. Kwa hiyo lawama haikulishukia shairi lenyewe, ililishukia jambo ambalo kila mtungaji wa vina analijua kwa nafsi yake: kina humvuta mtu. Amekusudia kusema kuwa rafiki yake alimkopesha, kina kinataka alimdhulumu, na neno hilo linakaa vizuri zaidi, basi analiandika. Amekusudia kusikitika kidogo, kina kinamletea kifo. Ubeti unakuwa mzuri na khabari inakuwa uwongo. Ndiyo hatari ya kazi hii, nayo ni kubwa kuliko hatari ya kukosa kina, kwa sababu aliyekosa kina huonekana na kila mtu, na aliyedanganywa na kina husifiwa.

Muyaka hakuwa malaika. Katika mashairi yake ya mapenzi yako ambayo babu hamsomei mjukuu, na katika kuwakejeli adui wa mji wake alipita kiasi. Lakini tungo zake za mambo ya mji hazina dalili ya mtu aliyeburutwa na silabi. Humo utamkuta anaonya pale alipopaswa kuonya, hatta wale aliokuwa upande wao, na anakiri ufukara wake bila ya kuupamba. Pale alipotaka kuficha, alificha kwa fumbo, akitumia neno moja lenye maana mbili, la wazi kwa msikizaji yeyote na la ndani kwa mwenye kulijua jambo. Kufumba si kudanganya. Watu wa pwani wanaijua tofauti hiyo tangu utotoni.

Alifariki mwaka wa 1840, yapata umri wa miaka sitini na minne, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuacha diwani iliyopigwa chapa, kwani hapakuwa na matbaa katika pwani hii. Alichokiacha kilikuwa midomoni mwa watu na katika karatasi zilizotawanyika, na zaidi ya miaka arobaini kilibaki hivyo. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mvita, aliyekufa mwaka wa 1890, alipoanza kuzikusanya tungo zile kwa wazee waliozihifadhi, akaziandika kwa herufi za Kiarabu na kumfasiria Mwingereza W. E. Taylor, aliyekaa Mvita akijifunza lugha. Karatasi za Taylor zikafika London, na mwaka wa 1940 William Hichens akatoa diwani ya Muyaka katika matbaa ya chuo kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, miaka mia moja kamili baada ya kufa mwenyewe. Mwaka wa 1979 Mohamed Abdulaziz, mtu wa Mvita, akatoa kitabu kingine chenye tungo hizo pamoja na maelezo yake.

Katika safari hiyo ndefu kina ndicho kilichokuwa mlinzi. Mzee akisahau neno katikati ya mshororo aliweza kulikosa lisirudi. Akisahau neno la mwisho, silabi yake ilikuwa ingali ikimwita, kwa sababu wenzake wawili walikuwa wamekwisha kusikika. Na katika maandishi pia kilifanya kazi ambayo wengi hawaifikiri. Herufi za Kiarabu, kama walivyoziandika wazee wetu, hazikutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Ba moja iliandikwa kwa b na kwa p na kwa mb. Fa kwa f na kwa v. Dali kwa d na kwa nd. Kasra moja ilikuwa i na e, na dhamma moja ilikuwa u na o. Neno lenye ba mbili na kasra mbili laweza kusomwa bibi, na pepe, na pembe. Msomaji atajuaje? Atatazama mwisho wa mshororo uliotangulia. Akikuta hapo neno lisilo na shaka, kama kiumbe, amekwisha kupewa ufunguo: kina ni -mbe, basi neno lile ni pembe. Mara ngapi Mwalimu Sikujua na wenziwe walipita katika njia hiyo, karatasi hazikusema. Ila kila aliyewahi kusoma tungo za kale kwa herufi zile ameipita.

Lakini mlinzi huyo huweza kujeruhiwa na mwenye nia njema. Kiswahili cha Unguja kilipofanywa kuwa cha skuli na cha vitabu katika miaka ya 1930, watu wakazoea kuyasahihisha maneno ya kale wakidhani yamekosewa. Mtu huona mato akaandika macho, huona nti akaandika nchi, akasonga mbele kwa moyo mweupe. Maana haikubadilika hatta kidogo. Kilichovunjika ni kina, na anayekuja nyuma yake akiusoma ubeti ule husema kuwa Muyaka hakujua kutunga.

Na Pemba nayo haikukaa bure. Baada ya Muyaka walitokea huko watungaji wawili waliosimama katika sheria ile ile ya mizani kumi na sita na vina viwili: Ali bin Said al-Jahadhmy, aliyejulikana kwa jina la Kamange, aliyefariki mwaka wa 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka wa 1926. Kamange alikuwa mtu wa mapenzi na furaha, na Sarahani alikuwa mwanachuoni na mwalimu, na kila mmoja alikuwa na wasikizaji wake. Tungo zao nazo zilikaa vifuani mwa watu kwa muda mrefu. Mwaka wa 1958 W. H. Whiteley alitoa kitabu juu ya lahaja na tungo za Pemba. Kisha Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy wakakusanya za wawili hawa, Abdilatif Abdalla, naye mshairi wa Mvita, akazihariri, na zikatoka Dar es Salaam mwaka wa 2011. Humo maneno ya Kipemba yameachwa yalivyo, na vina vyake vimesimama.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na aliyezihifadhi na aliyeziandika.